Daftari la Kizingo

Kunguru: mia na ishirini, kisha nikaacha kuhesabu.
Ndivyo ulivyoanza ukurasa wa kwanza, Januari,
joto la kaskazi limenata shingoni kama gamu,
nami benchini na darubini ya marehemu kaka,
ya bandarini, jicho lake la kushoto lina ukungu,
naitazama bustani nusu wazi, nusu maziwa.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.
Wahenga hawakufika Kizingo.
Wa hapa alinipokonya kaimati mkononi
akaila juu ya ubao ulioandikwa USITUPE TAKA.

Kadzo, mfagizi wa bustani, alicheka hata akaketi.
"Wewe watafuta nini huko juu?"
Nikamwambia, ndege.
"Na ndege wakikuona wewe, huandika wapi?"

Masika. Mnana wanasuka viota katikati ya mvua.
Dume anachana ukuti uzi kwa uzi,
jike anaingia, anakagua, anatoka, hataki.
Nyumba nzima inaangushwa. Dume anaanza upya.
Nimeandika: Mei, nyumba nne, talaka nne.
Kadzo alizifagia; moja akaitia mfukoni,
hakusema ya nini.

Kipupwe, kurasa tatu tupu. Goti langu.
Daftari nilimwachia yeye,
likarudi na neno moja, herufi kubwa kubwa za kalamu ya risasi:
DUDUMIZI.
Na chini yake: nimemsikia, sikumwona. K.

Septemba wakaja na msumeno.
Mkungu ule mkubwa ukawa nafasi sita za kuegesha magari.
Sikuandika.
Kunguru walizunguka siku mbili
wakipapigia kelele pale palipokuwa na matawi,
na kwa mara ya kwanza niliwaona ni ndege.

Vuli. Novemba, alfajiri, lami ingali na maji.
Kadzo ananivuta mkono wa shati. "Usiseme."
Juu ya waya wa stima, manjano,
manjano ya bizari iliyomwagika juu ya sahani nyeupe,
na bawa jeusi: kurumbiza,
amevuka jangwa na milima asiyoijua majina
kuufuata mti.

Anatazama kushoto. Anatazama kulia.
Chini yake gari jeupe limeegeshwa, mlinzi amelala ndani.

Nampa Kadzo darubini. Anaishika kombo,
anachungulia kwa jicho lile lenye ukungu.
"Yuko," asema. "Bado yuko."
Mimi, kwa macho matupu,
nauona waya unatikisika, hauna kitu.

Nikaandika: mmoja.