Msumari Mmoja

Baraza la duka la vipuri, Barabara Kuu, Jinja,
halikuwa nyumba, lakini lilikuwa na sheria:
usitandike boksi kabla taa ya ndani haijazimwa,
usikojoe upande wa ngazi,
na mlinzi akikohoa mara mbili, hama.
Miaka minne nilizishika kuliko amri za kanisani.
Mchana nilishona miavuli ya watu.
Waliotaka kucheka walicheka:
fundi wa paa, hana paa.

Kisha bweni la usiku, nyuma ya parokia.
Vitanda thelathini na viwili, blanketi linanuka jiki.
Unaingia saa moja jioni,
unatoka saa kumi na mbili alfajiri,
mvua inyeshe, isinyeshe.
Jina langu liliandikwa kwa penseli.
Nikamuuliza karani, mbona penseli?
"Mzee Tibenkana, kalamu ni ya wanaokaa."
Hakunitukana. Alikuwa na kifutio kidogo,
kimekwisha upande mmoja.
Nililala viatu vikiwa chini ya shingo.

Nyumba ya mpito iko Walukuba.
Mpito: neno lenyewe lina haraka.
Vyumba sita, jiko moja, sigiri saba,
na ugomvi wa makaa kila Jumapili.
Bi Athieno alinipa ufunguo, akanishika kiganja:
"Miezi sita. Si mitano, si saba.
Pombe hapana. Wageni mwisho saa mbili.
Na ukuta ni wa watu, usiupige misumari."

Usiku wa kwanza nilifunga, nikafungua, nikafunga.
Hakuna aliyekohoa.
Kimya kile kilinitoa jasho.
Nikashuka kitandani, nikalala sakafuni,
mgongo mlangoni, kama mtu anayejilinda
asije akajifukuza.

Chumba cha pili alikaa Nakirya na mapacha wake.
Waiswa na Tenywa hawakutaka mpira;
walicheza mlango.
Mmoja nje, mmoja ndani: hodi, karibu,
hodi, karibu,
mpaka bawaba zikalia na mama yao akacheka
akifuta macho kwa ukingo wa kitenge.

Koti langu lilining'inia kwenye kitasa miezi sita.
Kila nilipotoka ilibidi nilivae, hata juani.

Wenye mradi huiita safari hii ngazi:
baraza, bweni, mpito, kisha chumba chako.
Ngazi naijua. Ndipo pasipokojolewa.
Hawakuniambia kwamba kila kipato
kina siku yake ya kutoka,
na kwamba mtu huanza kuihesabu siku hiyo
siku anayoingia.

Leo nimehamia Masese. Chumba kimoja, bati, dirisha la mbao.
Huku chumba kama hiki hukiita muzigo.
Kiswahili changu kinacheka: mzigo si hubebwa?
Miezi mitatu watanibebea nusu ya kodi,
halafu nitajua nani anambeba nani.
Nimepiga hesabu ya miavuli.
Masika ikinyesha vizuri, nitaweza.
Ikikawia, sijui.

Mwenye nyumba, kijana anayetafuna muwa,
nilimuuliza habari ya ukuta.
Alinitazama kama niliyeuliza habari ya hewa:
"Piga popote, mzee."

Nimenunua msumari mmoja. Jiwe ninalo.
Koti liko begani.
Tangu saa tisa nimesimama hapa,
naweka ncha, naiondoa,
naweka.
Popote
ni pakubwa mno.