Debe la Sita

Mwaka ule kahawa ilikuwa na bei ya majani yake,
na duka la kijiji liliuza kalenda na kufuli.
Sukari tuliijua kwa jina tu,
kama ndugu aliyehamia Zambia.
Ndipo serikali ikasema: anayetaka unga, na aje na nyundo.

Korongo la njia ya Uru lilikuwa limekwishameza
ng'ombe wawili, baiskeli ya mwinjilisti,
na mke wa Ndewirwa, aliyekuwa akiwahishwa Mawenzi kujifungua.
Sasa lingezibwa mdomo kwa mawe na saruji,
kwa malipo ya kilo mbili na nusu kwa siku, unga wa njano,
na Ijumaa kikombe cha mafuta.

Mama alipangwa upande wa kokoto.
Madebe sita ndiyo siku.
Matano ni hewa:
Karani Mzirai hakuwa na nusu kitabuni mwake,
palikuwa na vyema na mkasi, basi.

Sisi wa darasa la tatu tuliwasikia kutoka mlimani,
nyundo arobaini na hakuna mbili zilizokubaliana.
Mwalimu akifundisha desimali, ko, ko, ko,
nami nikijaribu kuitambua ya kwetu.
Kidole gumba alikivisha mpira wa tairi
uliokatwa kwenye malapa ya baba.
Baba mwenyewe alikuwa ameteremkia kwenye miwa ya TPC
kutafuta kibarua; alichorudi nacho ni malaria.

Magunia yalikuwa na picha: mikono miwili inasalimiana.
Mama akatushonea kaptula.
Eliamini, kitinda mimba, alizunguka kijiji kizima
mataifa mawili yakipeana mkono makalioni mwake.

Hili alinieleza mwaka jana tu,
macho yake yakiwa hayaoni tena.
Jumatano moja debe la sita lilimshinda.
Mkono ulikuwa umevimba kama kiazi kikuu.
Akaingia migombani, akakata vipande vya shina,
akavilaza chini ya debe,
juu akamwaga kokoto,
akazisawazisha kwa kiganja
kama anayempaka mtoto mafuta.

Mzirai akalinyanyua.
Likawa jepesi, jepesi kama uongo wowote.
Akalishikilia hivyo hewani, kitambo.
Akamtazama mama.
Akaitazama foleni nyuma ya mama.
Akaweka vyema,
na debe akalimwaga mwenyewe kwenye zege
kabla fundi hajageuka.

Miaka arobaini.
Zimepita juu yake pikapu za ndizi, maharusi,
majeneza kutoka Dar, na kila Desemba
magari ya watu wanaorudi kuhesabiwa nyumbani.
Korongo halijadai mtu tena.

Wiki iliyopita alikuja mhandisi wa barabara,
kijana mpole, fulana yake inaakisi mwanga.
Aligonga ukuta, akatega sikio, akagonga.
Upande wa mashariki akakuta tundu la ukubwa wa ngumi,
na nyuki wadogo, wale wasiouma,
wanaingia na kutoka kama watu wa zamu.
"Udhaifu katika zege," akaandika.
"Chanzo hakijulikani."

Chanzo kilikuwa kimeketi kwenye kigoda, kinakunywa chai.

Nilipomsomea ile karatasi
mama alicheka hadi akapaliwa.
"Mwambie hapo hapana udhaifu," alisema.
"Hapo ndipo mlipokula Jumatano."

Kisha akaweka kikombe chini, akikipapasia mahali,
akauliza, kwa sauti nyingine kabisa,
kama Mzirai aliacha watoto.