Mizani ya Budadiri

Kahawa nimeipima, Budadiri kwenye ghala,
miaka kumi mizima sijathubutu kulala
bila kwanza kujipima: dhambi, saumu na sala.
Kitabu kimeshajaa, deni halijapungua.

Tuliitwa Watimizi, sheria zetu sitini:
ni mwiko pete na uzi, mwiko cheko kanisani,
kahawa, japo ya juzi, hata tone mdomoni.
Nauza nisichoonja, harufu ikinijua.

Nikose fungu la kumi, jina lingesomwa mbele;
hofu ikawa ulimi wa mizani siku zile.
Kila gunia, sisemi, nusu kilo yende kule.
Nikaiba niwe safi, uchafu ukachanua.

Akaja mama Nandutu, gunia juu ya punda,
sindano ikasema tu
arobaini na —

Hapo mizani ilinikatikia,
ya chuma na ya shairi pia.

Nandutu hakunitazama usoni. Alitazama kidole changu.
"Bonyeza tu," akasema, "nimezoea.
Msimu wa kwanza nilidhani ni unyevu wa punje.
Wa pili nikauona ukucha wako."

Nilifunga ghala saa nne ya asubuhi.
Nikamfuata njia ya Bumasifwa, matope mekundu hadi gotini,
kitabu kwapani, na ndani yake hesabu yake:
misimu minne, kilo sita na nusu,
pamoja na faini niliyojitoza mwenyewe,
pamoja na faini ya kuchelewa kujitoza.

Hakukipokea kitabu.
Alikaanga punje kwenye kigae, akazitwanga,
akanimiminia katika kikombe cha plastiki, cha buluu,
kisicho na mkono.
"Kunywa."
"Ni mwiko, mama."
"Na kuiba?"

Moshi ulituzunguka. Punda alikuwa akila maganda ya ndizi
kama mtu asiye na kesi.
"Huyo Kristo mnayemwimbia bila kucheka," akaniuliza,
"alilipa deni lote,
au aliacha arabuni tu, ukamalizie wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kalamu.

"Mwanangu Wamimbi, kulipa deni lililokwisha lipwa
ni kumtukana aliyelipa."

Nikanywa.
Ilikuwa chungu, ilikuwa ya moto, iliniunguza ulimi.
Mbingu haikupasuka.
Punda alipiga chafya.

Naijua mizani. Ukiiacha peke yake haidanganyi:
itakwambia gunia limepungua, na kiasi gani,
itakwambia hivyo leo na kesho na keshokutwa.
Lakini sijaona bado mizani
iliyoinama chini
ikaokota punje moja
ikaongeza.

Yeye aliinama.

Zile kilo nilizirudisha, za Nandutu na za wengine,
gunia kwa gunia, mlango kwa mlango, mpaka mwisho wa masika.
Si ili nisamehewe. Nilikwisha samehewa,
na mikono yangu, haina tena cha kuficha,
ilikuwa inatafuta kazi.

Watimizi walilisoma jina langu mbele:
Wamimbi, mnywaji.
Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, karibu na mlango.
Nikacheka.
(Sheria ya kumi na saba.)
Mtoto mmoja akageuka, naye akacheka,
mama yake akamfinya,
na kwa huo mfinyo nikaomba,
sala yangu ya kwanza nisiyoiandika popote.

Usidhani nimekuwa mtu wa kilabuni.
Pombe siigusi, ila siku hizi
naipita kama mtu apitaye duka asilo na haja nalo,
siyo kama mwizi anayepita kituo cha polisi.
Kitabu? Nandutu alikiomba cha kuwashia jiko.
Kililowana njiani, kikatoa moshi mwingi kuliko moto.

Siku ya saba ningali napumzika.
Tofauti ni kwamba sasa
napumzika.