Gramu Kumi na Moja

Baba aliitandaza bahasha ya benki juu ya meza ya jikoni,
akaikandamiza kwa chupa ya haradali isijikunje,
akatoa penseli yenye nembo ya kiwanda cha vioo
kilichomla miaka thelathini na moja na ncha ya kidole,
akasema, "Haya, Thea. Tupige hesabu."

Mali bila daftari huisha bila habari.
Yangu haikuwa mali, ilikuwa shahada ya biolojia,
na daftari lake halikukosa hata ukurasa.

Akaigawa bahasha kwa mstari mmoja.
Kushoto: Kilichotoka. Kulia: Kilichoingia.
Kushoto kukafurika kabla birika halijachemka:
ada, chumba, kitabu cha jenetiki cha dola mia mbili na themanini
(nilikifungua mara tisa; nasema tisa),
koti jeupe, miwani ya plastiki,
mtihani wa kuingilia udaktari, nilioufanya mara mbili
na mara zote mbili ukanifanya.
Elfu arobaini na moja na mia tatu.
Riba hakuiandika. Riba hujiandika yenyewe, usiku.

Kulia akaandika dola kumi na saba na nusu, kwa saa,
penseli ikasimama kama punda aliyegoma.

Hakumtaja Kasper. Hakuhitaji.
Binamu Kasper alisomeshwa bure na chama cha mafundi bomba,
sasa ana boti, ana mtu wa kumkatia nyasi.
Boti hiyo huelea juu ya maji ninayoyapima mimi.

"Andika na ile Agosti," nikasema.
"Agosti gani?"
Ile niliyobaki peke yangu na hadubini,
chupa ya maji ya Ziwa Erie ikinuka nyasi zilizolala na mvua,
nikahesabu, nikafuta, nikahesabu tena,
saa tano usiku nikamwamsha Bi. Haas
kumwambia mwani wa sumu umefika ufukweni.
Asubuhi ufuo ukafungwa.
Watoto wakarudishwa garini na maboya yao kiunoni,
wakimlaani mtu wasiyemjua.

Baba akafikiri. "Walikulipa ngapi?"
"Saa mbili za ziada."
Akaandika hamsini na mbili na nusu.
Mtu wa haki; hakupunja senti.

Kuna jambo sikumwambia.
Maabara tuna mizani inayosikia hata pumzi:
usipofunga kijidirisha chake, tarakimu hutetemeka.
Jumatano moja, wenzangu wameshaondoka,
nilikikunja cheti changu mara nne nikakiweka juu yake.
Gramu kumi na moja, nukta mbili sifuri tatu nane.
Nikagawanya deni kwa uzito:
dola elfu tatu mia sita themanini na sita kila gramu.
Hata dhahabu ingenivuta pembeni kuniuliza siri.
Mikunjo haijatoka mpaka leo.

"Huyo mdudu," baba akasema ghafla, "yukoje?"
"Si mdudu."
"Basi huyo asiye mdudu."

Nikachukua penseli. Upande wa kulia nafasi ilikuwa tele.
Nikamchorea vitone, vitone, vimeshikana kama shanga,
na katikati kimoja kinene, chenye ukuta mzito.
"Hiki hunasa naitrojeni hewani. Wenzake hawawezi.
Chenyewe hakijui tena kujitengenezea chakula,
wala hakitazaa. Kinawalisha tu."
"Nao humlipa?"
"Humpa sukari."

Akaisogeza bahasha karibu na taa,
akaipandisha miwani hadi kwenye paji,
akakitazama kile kitone kinene muda mrefu,
kidole chake kifupi kikikizunguka bila kukigusa.
"Ngapi," akauliza, "kwa saa?"

Tarehe kumi na tano benki ikakata mia nne arobaini na nane.
Bahasha iko kwenye friji, imeshikwa na sumaku.
Upande wa kulia bado hajaandika jumla.