Kinyonga Mwenye Masikio

Katika chapa ya kwanza, kinyonga ana masikio.
Mchoraji alikuwa Ulaya, hajawahi kumwona;
aliandikiwa kwa barua: mnyama mdogo, msikivu,
akafanya alivyoelewa.
Mapadri walipogundua, wakachapa upya:
masikio yakafutwa, kichwani pakabaki weupe
kama kovu la mtu aliyenyolewa vibaya.

Hiyo ya pili ninayo mara tatu.
Moja niliitoa Nguba, nyumba ikihamwa,
moja ililipa deni la Mugisho, asiyesoma,
moja mchwa waliianzia nyuma:
hadithi zote zipo, mafunzo yote yameliwa.

Ya kwanza nilikuwa naitafuta mwaka wa kumi na mmoja
nilipoinunua Kadutu pasipo kujua,
imefungia karanga.

Karanga nilizimwaga mvuani. Nikainyoosha karatasi:
mkia wa fisi, ukurasa wa arobaini na tatu,
wino ule mzito wa zamani, chumvi juu yake.
Nikarudi. Nikarudi kesho yake.
Siku tisa nilikula karanga za Mama Nabintu;
tembo nilimpata kwa mafungu, kama nyama ya sokoni,
mkonga Jumatatu, miguu Alhamisi,
na sungura akaja na doa la mafuta tumboni
kana kwamba ameshiba kabla kisa hakijaanza.
Nyumbani, Cibalonza aliuliza kama nimeweka nadhiri.

Siku ya kumi nikasema ukweli. Kosa.
Mama Nabintu aliyasoma macho yangu
upesi kuliko mimi ninavyosoma kitabu,
na bei ikaupanda mlima wote wa Kadutu bila kupumzika.

"Na kinyonga?" nikauliza.
"Zile karatasi nene? Hazikunjiki. Ninapepelea mbabula."

Akaitoa chini ya kiti.
Kona moja imeungua, kahawia, inamomonyoka;
lakini yupo, juu ya kijiti chake,
anatazama huku na kule kwa wakati mmoja,
na sikio, sikio kabisa, kama la mbuzi!
Nililipa. Franga zilizorudi sikuzihesabu.

Usiku huu nimemlaza chini ya kioo, mvua inapiga mabati.
Chumba kinanuka karanga na makaa.
Cibalonza amesogeza taa, amemwangalia,
kisha ameniangalia mimi:
"Lile jingine limeungua. Amebaki na moja.
Mmefanana."