Dawa ya Madoa

Tajiri huiita dawa.
Huja kwa pipa la buluu, tamu kunusa,
utamu wa kukusahaulisha umehesabu kanzu ngapi.

Mbeyu hufungua mashine ingali moto,
mvuke humlamba uso.
Dirisha halifunguliwi: vumbi la Maweni
lisije likarudia suti ya bwana harusi.
Mashapo humwagwa uani,
hatua kumi na mbili toka kisimani.

Hospitali ya Malindi,
daktari akamvuta kope, akaona manjano.
"Kuna dawa yoyote unayotumia?"

Alikohoa, au alicheka.
"Kila siku. Mwaka wa tisa huu.
Ila doa sikuwa nalo mimi."

Gauni alilovaa alilifua kwa mkono,
kwa sabuni ya mche,
akalianika juani.