Kipimo cha Shingo

Redio inasema "anatajwatajwa".
Tangu Jumatatu neno ni hilo:
Lushinge Nkwabi anatajwatajwa
kukiongoza Kikosi cha Doria ya Ziwa.
Jina lenyewe halijatoka. Limesimama mlangoni
kama mgeni anayejifuta viatu,
na wenye nyumba ndani wanagombana kuhusu matope.

Mimi sare yake ninayo.
Dereva aliileta usiku, ndani ya mfuko wa sembe:
"Fundi, ongeza nyota. Mengine usiulize."
Sikuuliza. Cherehani haiulizi,
inameza kitambaa mbele, inakitema nyuma.

Hapa Makoroboi kila anayeingia ana lake.
Muuza vipuri anasema apewe, apewe hata leo,
tangu aje huyu injini za mitumbwi haziibwi,
tunalala.
Mama Nyabise wa dagaa, kutoka Mwaloni, anamjibu
huku akipima gauni:
tunalala, ndiyo, na njaa tunalala nayo kitanda kimoja.
Mwalimu Bwire ameandika barua ya kurasa nne kwa wakubwa.
Alikuja kuomba gundi ya bahasha,
akanisomea ukurasa wa tatu tu, ule wa Igombe:
nyavu mia na kumi, petroli lita arobaini,
moshi ukaingia darasani
watoto wakafanya mtihani wanakohoa.

Sita kati ya nyavu zile zilikuwa za kaka yangu Sitta.
Haramu? Haramu.
Macho yake inchi moja na robo,
nilizipima mwenyewe, kwa futi kamba hii hii
inayoning'inia shingoni mwangu.
Hilo sijamwambia Mwalimu.
Lakini na mabondo, yale magunia mawili
yaliyokamatwa siku ile ile, mbele ya watu,
hayakuchomwa,
na mahakamani hayakufika.
Hilo nalo nani kaliandika?

Nyamizi hasemi kitu.
Yuko kule pembeni, anatoboa matundu ya vifungo.
Watu wanabishana juu ya kichwa chake
hawajui kuwa ndiye bibi harusi wa Kayenze,
wa mtumbwi uliopinduka na ngoma zake na keki.
Nkwabi alijitosa na viatu miguuni,
akamtoa.
Akarudi tena majini kumtafuta bwana harusi.
Akarudi mara ya tatu.
Asubuhi alikutwa amekaa kwenye mchanga, kiatu kimoja,
akiwafokea askari wake wasimtazame.

"Wewe fundi unamjua," wananiambia. "Ni mtu gani?"
Najua shingo.
Mwaka juzi inchi kumi na sita,
mwaka huu kumi na saba na nusu.
Shingo ya mtu hunenepa kwa mengi:
kwa umri, kwa nyama choma,
kwa kuitikiwa "ndiyo afande" kutwa mara mia.
Futi inasoma inchi.
Sababu haisomi.

Jana jioni nikazishika nyota.
Nikazipiga bandi tu, mishono mirefu ya uzi mweupe,
ile ambayo ukivuta ncha moja
yote inakuja mkononi.
Nyamizi akasogea, akaiinua sare kwenye taa.
"Mama, hii si itatoka?"
"Itatoka, mtu akivuta."
"Nani?"
Nikajifanya natafuta mkasi.

Akakaa. Akatia uzi sindanoni, akaukunja mara mbili,
akashona bega la kushoto, mshono wa kufa na kuzikana,
akakata uzi kwa meno.
Bega la kulia hakuligusa.
Aliiweka sare mezani, akaenda kunawa.

Dereva kapita leo alfajiri.
Kalipa, karudisha sare kwenye mfuko wa sembe,
hakuangalia bega hata moja.
Redioni bado anatajwatajwa.